Namba ya Mheshimiwa Tunayo, Jibu Ndilo Hatuna

Nimerudi. Najua nimepotea wiki tatu nzima, na kuna walioanza kuuliza kama nimefukuzwa chuo. La, sijafukuzwa. Zilikuwa ni CAT mfululizo, nne ndani ya siku tisa, halafu stima nayo ikawa inapotea hosteli kila nikifungua kompyuta. Sasa nimepumua kidogo, na kuna jambo limenikaa kooni tangu muhula uanze. Wacha nilitoe.

Jambo lenyewe ni hili: hapa chuoni karibu kila mtu ana namba ya simu ya mbunge wake. Sitanii. Shika simu ya mwanafunzi yeyote aliyekuwa chuo mwaka 2024, utamkuta mheshimiwa amehifadhiwa humo, katikati ya mama na yule jamaa wa chapati. Wengine wana namba za wabunge kumi, wengine hata za maseneta wa kaunti wasizowahi kukanyaga. Lakini uliza swali la pili: "Ameshawahi kukujibu?" Watu wanacheka. Yaani wanacheka kama vile umeuliza kama mwezi umewahi kuwapigia simu.

Kicheko hicho ndicho kinachonisumbua. Manake siku hizi kila semina ya vijana ninayoalikwa (na naalikwa kwa sababu kuna chakula, tusifichane) mtu anasimama mbele na kutangaza kwamba teknolojia imewaleta viongozi karibu na sisi. Kuna tovuti ya hiki, kuna programu ya kile, bofya hapa, sauti yako imefika. Mimi nasema sauti kufika si habari tena. Ilishafika zamani. Habari ni kama kuna mtu upande wa pili.

Kwa msomaji aliye nje ya Kenya, nirudi nyuma kidogo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoletwa Bungeni ulikuwa na mapendekezo ya kodi kwenye vitu ambavyo hata mtoto anavijua: mkate, mafuta ya kupikia, magari. Vijana hawakungoja kusomewa. Kuna waliouchambua mswada na kuufasiri kwa lugha za mama, wakaweka video TikTok. Kuna waliotengeneza programu ya akili mnemba ambayo unaiuliza swali kuhusu mswada nayo inakujibu. Na kuna waliosambaza orodha za namba za wabunge. Neno lililotumika lilikuwa kusalimia. "Umemsalimia wako?" Ukiingia bafuni asubuhi ndilo swali unalokutana nalo. Simu za waheshimiwa zilijaa meseji mpaka wengine wakalalamika hadharani, na wengine wakazima.

Tusisahau kwamba salamu zile zilifanya kazi, angalau nusu. Tarehe 18 Juni 2024 baadhi ya mapendekezo, ikiwemo kodi ya mkate, yalitangazwa kuondolewa. Lakini tarehe 25 Juni wabunge 195 wakaupigia mswada kura ya ndiyo, 106 wakakataa. Yaliyofuata siku hiyo mnayajua: watu wakaingia Bungeni, risasi zikalia, vijana wakafa. Kesho yake Rais Ruto akasema hatatia saini.

Sisi watu wa Pwani tumefundishwa kwamba ukifika mlangoni kwa mtu unapiga hodi mara tatu. Usipojibiwa, unaondoka. Mwaka ule vijana walipiga hodi mara elfu, na hawakuondoka. Sisemi walikosea au walipatia, hayo kila mtu ana lake. Nasema tu kwamba kabla ya miguu kuingia barabarani kulikuwa na meseji nyingi sana zilizotumwa kwa adabu na zikakaa bila kujibiwa. (Na zilizotumwa bila adabu pia, nyingi tu. Kumpigia mtu saa tisa usiku kumtukania mama yake si kushiriki utawala wa nchi. Hapo sikuunga mkono na siungi mkono leo.)

Sasa tuje 2025, kwa Rose Njeri.

Kama humjui, huyu ni mtengenezaji wa programu za kompyuta. Mwaka 2025 Mswada wa Fedha mwingine ulikuwa Bungeni, na yeye akatengeneza chombo kidogo mtandaoni. Chenyewe hakikuwa na maajabu. Unaingia, unaona vipengele ambavyo yeye aliona vina matatizo, unabofya, na barua pepe ya kuupinga mswada inakwenda kwa Karani wa Bunge la Taifa na Kamati ya Fedha. Basi. Wala hakuna nywila ya mtu iliyovunjwa, wala faili iliyoibwa. Ni barua, kwenda kwa anwani iliyowekwa ili ipokee barua, wakati ambapo Bunge lenyewe limeomba wananchi watoe maoni.

Ijumaa tarehe 30 Mei 2025 akakamatwa. Wikendi ile ilikuwa ya Madaraka, Jumatatu ikawa sikukuu, kwa hivyo akakaa ndani hadi Jumanne tarehe 3 Juni alipofikishwa mahakamani. Nchi inasherehekea kujitawala, na mwananchi yuko seli kwa sababu ya kurahisisha barua kwenda Bungeni. Ukiandika hivyo kwenye tamthilia mwalimu wa fasihi atakwambia kinaya chako kimezidi.

Mashtaka yakawa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018: kwamba aliingilia mfumo wa kompyuta bila idhini, kwa kutuma barua pepe nyingi kwa kamati hata kazi ya mfumo ikavurugika. Tarehe 20 Juni mahakama ya Milimani ikasema hati ile ya mashtaka haionyeshi kosa lolote, akaachiliwa.

Ni vizuri aliachiliwa. Lakini fikiria hoja ya mashtaka yenyewe, manake ndiyo inayonipa baridi. Inasema kwamba wananchi wakiandika wengi mno kwa wakati mmoja, huo ni uharibifu. Yaani mmoja akiandika ni maoni, kumi wakiandika ni maoni, elfu kumi wakiandika ni uhalifu wa mtandaoni. Mimi nilidhani elfu kumi ndiyo demokrasia yenyewe.

Jirani yangu wa chumba, ambaye nitamwita Mhandisi kwa sababu ndicho anachosomea na ndicho anachotukumbusha kila siku, tumebishana naye juu ya jambo hili mpaka saa nane usiku. Yeye anasema chombo cha kubofya mara moja ndicho bora kuliko vyote. Mtu hana bando, hana muda, hajui kuandika barua rasmi, mpe kitufe. Barua elfu moja zinazofanana, anasema, ni sawa na sahihi elfu moja kwenye karatasi moja.

Nikamwambia, Mhandisi, hapo ndipo tunapotofautiana. Sahihi elfu moja kwenye karatasi moja zinasomwa mara moja. Barua elfu moja zinazofanana zinafutwa mara moja. Karani akiona kichwa kile kile, maneno yale yale, koma ile ile iliyokosewa, hasomi ya pili. Anaweka zote kapu moja na kuandika pembeni "wanaopinga". Wewe uliyekuwa na jambo lako, kwamba baba yako ana duka la rejareja na kipengele fulani kitamfunga, umo ndani ya kapu lile na hakuna atakayejua.

Akanijibu kwamba mimi nasomea lugha ndiyo maana naona kila mtu ni mwandishi. Sikuwa na jibu la haraka, manake kuna ukweli. Binamu yangu aliyeishia kidato cha nne hawezi kuandikia kamati ya Bunge, na haki yake ya kusikika si ndogo kuliko yangu. Kwa hivyo kitufe kisitoweke. Lakini kitufe peke yake kinamzoesha mtu kuamini kwamba akishabofya amemaliza.

Wapo waliolifikiria jambo hili mapema kuliko sisi. Uingereza mwaka 2000 kulianzishwa huduma iliyoitwa FaxYourMP: unaandika ujumbe kwenye tovuti, nayo inautuma kwa faksi hadi ofisi ya mbunge wako, manake wakati ule wabunge wengi walikuwa na faksi na hawakuwa na habari na barua pepe. Mwaka 2005 ikazaliwa upya kwa jina WriteToThem, chini ya shirika la mySociety. Unaingiza postikodi yako, inakuonyesha wawakilishi wako ni nani na kila mmoja anashughulikia nini, unaandika, inatuma. Mambo mawili walifanya yalinivutia nilipokuwa nikisoma. Kwanza, hawataki barua za kunakili. Wanataka maneno yako. Pili, baada ya wiki mbili wanakuandikia wewe uliyetuma na kukuuliza: umejibiwa? Na kwa miaka kadhaa majibu hayo waliyajumlisha wakachapisha mbunge yupi anajibu na yupi hajibu.

Hilo la pili lisome tena. Hawakuhesabu barua zilizotumwa. Walihesabu majibu.

Na sisi si wageni katika mambo haya. Katikati ya miaka ya 2000 Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, kipindi ambapo tovuti ya Bunge letu ilikuwa imefungwa baada ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao umewekwa mle watu wasome. (Ndiyo. Waliona aibu kwa wasifu wao wenyewe.) Mzalendo ikaanza kuweka wazi mbunge ni nani na amesema nini Bungeni. Mwaka 2012 ikaboreshwa kwa msaada wa hao hao mySociety, na siku hizi kila mwaka hutoa tathmini ya wabunge kwa kuhesabu walivyozungumza, kutokana na kumbukumbu za Hansard. Wana pia jukwaa la Dokeza ambapo unaweza kusoma mswada na kutoa maoni yako. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Bubu wa Bunge wanajulikana kwa majina kwa sababu ya watu hawa.

Ila kuongea Bungeni ni kitu kimoja, na kumjibu aliyekuchagua ni kitu kingine. Kuna mheshimiwa anayeweza kusimama mara mia na Hansard ikamwandika vizuri, na meseji yako ya basari ikakaa tiki mbili za bluu kuanzia Januari mpaka Desemba. Hilo la bluu hakuna anayelihesabu.

Sasa niwaeleze ya hapa kwetu, ndipo mtajua kwa nini limenikaa kooni.

Kutoka lango la chini la chuo mpaka hosteli za nje ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Njia ina nguzo saba za taa. Tangu muhula uliopita taa inayowaka ni moja, na hiyo moja nayo inamulika ua la mtu binafsi. Wasichana wawili wa darasa letu wameporwa simu pale, kwa nyakati tofauti. Mmoja alisukumwa mtaroni akavunjika mkono, akafanya mtihani kwa mkono wa kushoto. Baada ya hapo tukaanza utaratibu wa kutoka maktaba kwa makundi, kama mbuzi, saa mbili na saa nne. Ukikosa kundi la saa nne unalala maktaba.

Watu wa hosteli wakafanya kile ambacho kizazi chetu kinajua kufanya: wakamsalimia mbunge. Kama watu arobaini hivi, jioni moja, kila mmoja na meseji yake. Siku ya kwanza kimya, wiki ya kwanza kimya. Wiki ya tatu akajibiwa mtu mmoja, kwa mstari mmoja, kwamba taa za barabarani ni kazi ya kaunti.

Watu walikasirika. Mimi nilifurahi, manake lilikuwa jibu, na la kweli. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, utaona taa za barabarani zimeandikwa kule kwenye majukumu ya kaunti, pamoja na barabara za kaunti, zahanati na shule za chekechea. Mbunge kazi yake ni sheria na kuisimamia serikali kuu. Mtu wa taa ni mwakilishi wa wadi na watu wa gavana. Sasa niambieni, kati ya wale arobaini ni wangapi walikuwa na namba ya mwakilishi wa wadi? Hakuna. Tunazo namba za wabunge kumi wa mbali na hatuna ya mtu ambaye ofisi yake iko mwendo wa bodaboda. Nchi ina wadi 1,450, na orodha zilizosambaa 2024 zilikuwa za Bunge.

Hapo ndipo chombo kizuri cha mtandaoni kingekuwa na maana. Kisikuulize tu "unataka kumwandikia nani?" Kikuulize "shida yako ni nini, na iko wapi?" Kisha kikwambie: hii ni ya wadi, hii ni ya gavana, hii ni ya mbunge, hii ni ya seneta. Kwa mwanafunzi kuna mkanganyiko zaidi, manake kura wengi wetu tumejiandikisha nyumbani, na shida tunaipata chuoni. Mwakilishi wa hapa anaweza kusema sisi si wapigakura wake. Wa nyumbani atasema njia ile haiko kwake. Tunaishi katikati ya wawili hao miaka minne, gizani.

Mwakilishi wa wadi hatimaye tulimpata. Namba yake ya kwanza ilikuwa imezimwa, ya pili ilishikwa na kijana wake aliyetuambia tuandike barua. Tukaandika, ukurasa mmoja na nusu, tukaeleza nguzo ngapi, ziko wapi, nani aliumia na lini. Tukaituma kwa WhatsApp na tukapeleka nakala ya karatasi ofisini, ikagongwa muhuri. Leo ni siku ya thelathini na nne. Nahesabu.

Wacha niwatetee waheshimiwa kidogo, msije mkasema mimi ni mtu wa upande mmoja. Sensa ya 2019 ilitukuta Wakenya milioni 47.6. Maeneo bunge ni 290. Gawanya, unapata kama watu 164,000 kwa kila mbunge. Kama mmoja tu katika kila mia akiandika kwa mwezi, hizo ni barua zaidi ya 1,600, na nyingi zinaomba karo, mazishi, kazi ya mtoto. Mtu mmoja na msaidizi wake hawawezi kuzijibu kwa kidole gumba. Nakubali. Lakini hoja hiyo inasema waajiri makarani na wawe na daftari la barua. Haisemi wazime simu. Duka la M-Pesa lenye mhudumu mmoja lina daftari, itakuwaje ofisi ya umma ikose?

Kuna njia moja ambayo sheria imeipa uzito, na wengi wetu hatuitumii: ombi rasmi kwa Bunge. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo chini ya mamlaka yake, na ipo sheria ya mwaka 2012 inayoeleza utaratibu. Ombi likipokelewa linapelekwa kwa kamati, na kamati inatakiwa irudi na jibu. Na sikilizeni hili, enyi mnaodhani Kiswahili ni cha mashairi tu: sheria yenyewe inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa lugha ya heshima. Ueleze pia kama ulishajaribu kupata msaada kwa ofisi inayohusika ukakosa, na kama jambo hilo liko mahakamani. Si fomu ya kutisha. Mtu akitengeneza programu inayokuuliza maswali hayo moja moja kwa Kiswahili cha kawaida, kisha ikakutolea karatasi iliyokamilika ya kutia sahihi, hiyo ningeitumia kesho. Hiyo haipeleki kelele, inapeleka kitu ambacho mtu ana wajibu wa kukijibu.

Mhandisi ananiambia kuitengeneza si kazi ngumu, wikendi mbili. Nikamwambia basi aanze. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Na wakija kunichukua Ijumaa?"

Hapo ndipo kesi ya Rose Njeri inapouma, hata baada ya kufutwa. Aliachiliwa yeye, lakini kila kijana mwenye kompyuta na wazo ameona zile siku nne. Mhandisi si mwoga, nawahakikishia, huyu ni mtu anayepanda nguzo ya stima kwa ndala. Lakini ana mama anayeuza samaki ili yeye asome, na anajua mama huyo hana pesa ya wakili. Ukitaka vijana watumie njia za adabu, basi njia za adabu zisiwe na seli mwisho wake. Bunge lingeweza kulimaliza hili kwa tangazo fupi: hii hapa anwani ya kupokea maoni, tumeipanua, tumeni wengi mnavyoweza, na hii hapa namba ya risiti yako.

Risiti! Hata nikinunua bando la shilingi ishirini natumiwa ujumbe kwamba limeingia. Nikitoa maoni kuhusu bajeti ya taifa zima, sijui kama yameangukia meza au jaa.

Jambo jingine nililoliwazia ni wale ambao hawana simu kubwa. Hapa chuoni tunajisahau. Nyanya yangu ana kabambe, na ana maoni kuhusu zahanati kuliko mimi. Chombo kinachotaka intaneti kimeshamwacha nje. Kingefanya kazi kwa zile namba za nyota na reli kama tunavyoangalia salio, angeweza kuchagua wadi yake, kusema shida yake kwa maneno kumi, na kupata namba ya kufuatilia. Najua kuna gharama za makampuni ya simu. Lakini pesa za semina zipo, nimezila mimi mwenyewe kwa umbo la pilau.

Na tafadhali, anayetengeneza asichukue jina, kitambulisho na namba ya mtu kisha avitunze pasipojulikana. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019. Mswada ule ule wa 2025 ulikuwa na kipengele ambacho watu walikipinga sana kwa sababu kingefungulia mamlaka ya kodi njia ya kufikia taarifa zao binafsi, na kamati ikakubali kukiondoa. Itakuwa kichekesho tukilinda taarifa zetu dhidi ya mtoza kodi, kisha tumpe kijana wa tovuti asiye na anwani.

Hosteli yetu imeanza na kidogo. Tumebandika karatasi kubwa ukutani karibu na bomba, ina safu nne: nani ameandikiwa, lini, kuhusu nini, na amejibu lini. Hakuna matusi kwenye karatasi ile, tumekubaliana. Hadi jana usiku ilikuwa na mistari kumi na moja. Safu ya nne ina majibu mawili: lile la mbunge kuhusu kaunti, na moja la seneta wa nyumbani kwa rafiki yetu mmoja, aliyejibu siku ya tano, tena kwa aya mbili. Kila apitaye na ndoo anasimama kusoma. Juzi mlinzi wetu, mzee wa makamo, aliomba kalamu akaongeza mstari wake kuhusu maji ya kijijini kwao. Mhandisi amepiga picha, anasema ataiweka mtandaoni ikifika mistari hamsini, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, na watu wa hosteli nyingine wameshaomba wapewe mfano wa zile safu.

Haya, kundi la saa nne linaondoka maktaba na naona wanafunga mabegi. Wacha nikimbie, sitaki kulala juu ya meza leo.